Chumvi ya Gaspar

Ndugu Katibu wa Tawi, Ndugu Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima, Baba Padri, wazee wetu, na nyie wanakisomo wangu wa Majimoto ambao leo mmevaa kama mnakwenda misa ya Krismasi: naomba mnivumilie. Ndugu Mratibu amenisifu hapa mpaka nikageuka kutazama nyuma, nikidhani kuna mwalimu mwingine. Amesema mimi ni mkweli. Hapo kanibana, maana nina jambo la kuwaambia kabla sijapanda lori la kesho kurudi kwetu Ikola.

Mnamkumbuka Gaspar? Yule mzee wa kwenye riwaya niliyokuwa nawasomea kila Alhamisi, tukishafuta ubao. Kijiji chake kizima kilihama, akabaki peke yake, kwa kuwa majirani walimwambia, "Tutunzie nyumba, tutarudi." Kila asubuhi alipita nyumba hadi nyumba, akapiga hodi, akasubiri, ndipo akafagia uwanja. Kwa nini mtu apige hodi kwenye nyumba tupu? Kwa sababu alikuwa na adabu hata pale pasipo na wa kumwona. Na uongo hakuujua. Hata upweke wake aliutaja wazi, bila kumlaumu mtu.

Siku moja Mama Romana, huyu aliyekaa pale mbele, aliniuliza, "Mwalimu, sasa huyo mzee chumvi anapata wapi?" Nikacheka. Alhamisi iliyofuata akaja na chumvi kaifunga kwenye jani la mgomba. "Mpelekee." Nikamweleza kwamba Gaspar ni mtu wa kitabuni tu. Akasema, "Nimesikia. Mpelekee hivyo hivyo."

Ndugu zangu, ile chumvi niliila mimi. Dukani ilikuwa imeadimika, na tangu nimzike mke wangu Hilaria nilikuwa naishi peke yangu katika ile nyumba ya mwalimu. Darasani mlinisalimu vizuri, sikatai. Lakini mlangoni kwangu, kwa miaka sita, nani alipiga hodi? Mlidhani mwalimu hakosi wageni.

Basi nilipofika ukurasa wa mwisho nilishindwa. Niliwasomea kwamba majirani walirudi wote, wakampikia Gaspar wali, nanyi mkapiga vigelegele. Haikuandikwa hivyo. Hawakurudi, na mzee alikufa akingoja kuitikiwa. Nilimzushia uongo mtu asiyesema uongo, kwa kuwa mwisho wake niliuogopa kama ni wangu.

Mama Romana, leo umepokea cheti, kusoma unajua. Kitabu hiki hapa. Usome ukurasa ule mwenyewe, halafu uwasomee wenzako kama ulivyoandikwa. Mkinikasirikia, mna haki.

Shuka mliyonipa nimeipokea kwa mikono miwili. Ila Jumatatu anakuja Mwalimu Prisila, atakaa nyumba ile ile, na hapa hana ndugu. Jamani, mpigieni hodi, na chumvi mmpelekee.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Huu sikuubadilisha.