Mbwa za Pori na Mbuzi ya Marehemu

Ndani ya pirogi ya moteri inayovuka mto kwenda Lubunga, vijana wawili walikaa mbele yangu, kila mutu na telefone yake. Binti akasema, "Lionel, mbwa za pori zimemaliza mbuzi zote, na chef wa kijiji iko analala." Lionel akajibu, "Alors, tuziue zote leo." "Hapana! Ni njaa inazileta. Chef ameuzisha pori yote."

Nyumbani nina mbuzi moja tu, ile aliyoniachia marehemu bibi yangu, mama ya watoto wangu, na nimeifunga inje. Nikasimama, mimi muzee muzima, nikapiga kelele: "Si nilisema? Hata siku bibi yangu anakufa, wakubwa walikuwa wanalala!" Pirogi ikayumba, wamama wakalia.

Binti akanivuta shati. "Papa, kaa. Mbwa iko ndani ya telefone. Ni mchezo."

Watu wakacheka, hata mwenye moteri. Nikakaa. Shule niliiacha mapema, lakini kuchekwa sihitaji kufundishwa. Nikauliza polepole, "Na chef, naye iko wa mchezo?"

"Ndiyo, papa. Anakula kodi, analala."

"Huyo namujua."

Pirogi ikagusa udongo, nao wangali wanabishana: kuua mbwa ao kufukuza chef. Mimi niliruka wa kwanza, mbio, kuangalia mbuzi yangu. Kama chef wetu ameweza kuingia ndani ya telefone, nani atazuia mbwa kutoka?