Alamin Idris Chirau, Aliyeandika Majibu ya Waziri

Assalamu alaykum masheikh, majirani wa Vingujini, wageni wetu mliotoka Nairobi, na mama zetu mlioko ndani mnaosikiliza kwa kipaza sauti. Mimi ni Nassir, mdogo wake marehemu, fundi wa majokofu katika hoteli za Galu. Maziko yalikuwa Alhamisi na hayakungoja mtu. Leo ni hitima, nami nimepewa kazi ya kusoma wasifu.

Kijitabu mlicho nacho mikononi kimechapishwa na ofisi yake. Kina picha nzuri na karatasi nzito. Nimekisoma mara tatu tangu kilipoletwa jana. Kinasema marehemu ameacha mama, watoto wawili na ndugu mmoja. Mke hakutajwa. Mke huyo yuko mle ndani, amekaa eda, na ameishi na ndugu yangu miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo sitasoma cha ofisi, nitasoma nilichoandika mwenyewe. Nitajitahidi niwe na adabu, lakini sitoi ahadi.

Marehemu Alamin Idris Chirau alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1976, hapa Vingujini, Msambweni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Idris Chirau na Bi Mwanapili Swabir, ambaye Mungu amempa umri na yuko nasi leo. Tulizaliwa wawili. Yeye alipata maneno, mimi nikapata bisibisi.

Alisoma madrasa hapa kijijini, akasoma shule ya msingi ya Msambweni hadi mwaka 1990, kisha sekondari Kwale hadi 1994. Akiwa darasa la saba, kioo cha ofisi ya mwalimu mkuu kilivunjwa kwa mpira. Shule nzima ikasimamishwa juani, nami nikiwamo katika darasa la chini. Alamin akaomba ruhusa ya kujibu, akasema kwa muda mrefu na kwa heshima nyingi kuhusu umuhimu wa vioo na hali ya uwanja wetu. Alipomaliza, mwalimu alimshukuru, akaturuhusu twende nyumbani. Hakuna aliyegundua kwamba hakumtaja mtu. Kioo nilikivunja mimi. Mwalimu huyo ameshatangulia mbele ya haki, namwomba radhi.

Mwaka 1997 aliajiriwa karani katika ofisi ya serikali hapa Msambweni. Mwanzoni mwa 2001, watu walipovuka bahari kutoka Pemba wakikimbia fujo za kwao, alitumwa ufukweni Kibuyuni na meza, kiti na daftari awaandikishe waomba hifadhi. Katika foleni alikuwamo msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Muhsina Haji, pamoja na shangazi yake, Bi Mwanafatuma. Alamin aliandika majina yao kwa mwandiko ule wake wa kunyooka, akawaambia alichoagizwa kuwaambia, kwamba watapata majibu ndani ya siku tisini.

Siku ya tisini alikwenda Kibuyuni kuwaambia kwamba majibu bado. Hakuna aliyemtuma. Alisema aliona haya watu wangoje bila kuambiwa. Siku ya mia na themanini akaenda tena. Ilipofika mara ya sita, amevaa shati lililopigwa pasi na amebeba kilo mbili za sukari, Bi Mwanafatuma aliweka chini sufuria yake ya samaki akamtazama.

"Baba, kila miezi mitatu waja hapa kutwambia jibu hakuna," alisema. "Hebu nambie leo, waja kwa faili au waja kwa posa? Kama ni posa, sisi hatuna siku tisini."

Nikahi ilisomwa hapa msikitini siku ya Ijumaa, tarehe 5 Septemba 2003. Nilikuwapo, nilishika sahani ya halua. Cheti cha ndoa hakikutoka, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya nambari ya kitambulisho cha bibi harusi na bibi harusi hakuwa na nambari. Karani wa cheti akasema suala lake likikamilika warudi. Hawakurudi mpaka leo. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Ikram na Swabir.

Mwaka 2009, baada ya kupata stashahada ya sheria, marehemu alihamishiwa Nairobi, kwenye Wizara, katika chumba kinachoandaa majibu ya maswali ya Bunge. Ninyi mnaomwona Waziri wa Sheria akisimama Jumatano na kusoma karatasi, basi ile karatasi kwa miaka kumi na tano ilitoka mkononi mwa mtoto wa Vingujini. Alihudumia mawaziri wanne. Walimpenda, maana wengi wao Kiswahili kiliwapa shida, na cha Alamin kilisomeka hata kwa asiyejua anachosoma.

Mama alikuwa akitazama Bunge kwenye televisheni bila kukosa. Waziri akianza tu, alituambia, "Nyamazeni, Alamin asema." Alijua sentensi za mwanawe hata zikitoka katika kinywa cha mtu mwingine.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikasirika. Mbunge wetu aliuliza ni lini mahakama ya huku itaongezewa hakimu, kwa sababu jirani yetu Mzee Mwero kesi yake ya shamba imeahirishwa mara kumi na saba. Yuko pale nyuma, mwulizeni. Jibu likaja kwamba Serikali inaitambua changamoto hiyo. Akauliza kuhusu vijana wanaokamatwa Ukunda na kuachiliwa bila kushtakiwa, wengine wamevunjika mbavu. Jibu likaja kwamba suala linafuatiliwa kwa karibu. Akauliza kuhusu waomba hifadhi wa Kibuyuni. Jibu likawa siku tisini. Nimelisikia jibu hilo la siku tisini kwa masikio yangu mwaka 2013, mwaka 2016 na mwaka 2019, kutoka kwa mawaziri watatu tofauti, na mwandishi wake alikuwa mume wa mmoja wa wanaoulizwa habari zao.

Nilimwambia hapa barazani, mbele ya watu, "Kaka, mimi hoteli ikiniita jokofu limekufa na samaki wanaoza, nikisema naitambua changamoto, nafukuzwa kabla sijamaliza. Wewe hilo ndilo linalokupandisha cheo."

Akanijibu kwa upole ule wake unaoudhi, "Nassir, jibu si langu. Langu ni Kiswahili tu."

Ugonjwa huo wa kujibu ulimfuata hata nyumbani. Siku moja shemeji alimlalamikia paa la jikoni linavuja, naye bila kufikiri akamwambia suala hilo linashughulikiwa. Mchana ule alikaa mkekani hadi saa tisa. Alipouliza chakula, aliambiwa nacho kinashughulikiwa. Paa liliezekwa kesho yake. Hiyo ndiyo hatua pekee ya haraka niliyowahi kuiona ikitokana na jibu la Wizara.

Wakati huo shemeji yetu aliishi kwa mipaka. Wenzake wengine walirudi kwao. Wengine baadaye walipewa vitambulisho vya Kenya. Yeye jina lake lilikuwa katika daftari la waomba hifadhi, kwa hiyo wa uraia walimwambia aende kwa wa hifadhi, na wa hifadhi wakamwambia aende kwa wa uraia. Hakuweza kusajili laini ya simu. Hakuweza kupita kizuizi cha polisi bila mumewe kupigiwa simu aseme huyu ni wangu. Mwanamke wa miaka arobaini anaombewa ruhusa kama mtoto wa shule.

Sasa nifike Jumatano ya tarehe 13 Machi 2024. Mbunge wetu aliuliza tena, safari hii akitaka idadi, ni watu wangapi wa mwaka 2001 ambao hawajajibiwa na kwa nini. Alamin akaandika. Waziri, kama kawaida yake, hakuisoma karatasi mpaka aliposimama. Tuliokuwa tunatazama tulimsikia akisoma mbio mbio maneno haya, ninayo nakala:

"Mheshimiwa Spika, waliobaki bila jibu ni watu mia mbili na kumi na wanne. Sababu si upungufu wa vifaa. Sababu ni kwamba kila idara inaamini mafaili yako kwa idara nyingine, na hakuna aliyekwenda kutazama. Mmoja wa watu hao ni mke wa afisa aliyeandika jibu hili, ambaye ndiye aliyemwandikisha."

Waziri alipofika mwisho alirudi kuitazama karatasi, akaigeuza nyuma, akanywa maji. Spika akamuuliza kama afisa huyo ni wa wizara yake. Waziri akaomba muda akashauriane. Hapa nyumbani Mama alisema, "Leo Alamin amesema kweli." Mimi nilipiga makofi peke yangu mbele ya televisheni, na sikuona aibu.

Shemeji hakupiga makofi. Marehemu alipopiga simu, alimwambia, nami nimekaa karibu, "Umenitangaza, Baba Ikram. Miaka yote nimekaa kimya ili wasinione. Wakija kunichukua utawajibu nini?"

Jumatano iliyofuata Waziri alisimama na karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine, akasema takwimu zile zinahakikiwa. Alamin alipewa barua aeleze kwa nini ameingiza mambo ya nyumbani kwake katika jibu la Serikali. Akaandika, "Kwa sababu swali lilikuwa la nyumbani kwangu." Akahamishiwa ghala la mafaili, chini, pasipo dirisha.

Kule ghalani, akiwa hana kazi, alilitafuta faili la mkewe kwa miezi mitano, akalipata. Alinisimulia mwenyewe. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, ile aliyoiandika Kibuyuni mwaka 2001. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliokuwa umeigusa. Alilipeleka juu kwa mkubwa wake na barua. Aliambiwa limepokelewa. Nilipomuuliza limefika wapi, kwa mara ya kwanza nilimwona ndugu yangu akilia, nami nikaacha kumcheka.

Februari 2025 aligunduliwa ana maradhi ya figo. Akarudi nyumbani kwa likizo ya ugonjwa, akawa anakwenda Mombasa mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Shemeji alimwuguza kwa mikono yake na hakuchoka. Jumatatu, tarehe 6 Oktoba, alizidiwa tukamlaza hospitali.

Jumatano tarehe 8 daktari alituambia tumwite mkewe haraka. Nilikuwa kando ya kitanda. Shemeji alitoka hapa saa tatu asubuhi. Katika kizuizi kimoja kati ya hapa na Mombasa, sitakitaja, aliteremshwa garini kwa kukosa kitambulisho, akawekwa kwenye benchi. Nilimshikia marehemu simu sikioni. Alimweleza askari kwamba huyo ni mkewe, yeye ni mgonjwa mahututi, tafadhali amwachie. Askari akasema amesikia, wanalifuatilia. Alimpigia mara tatu. Mara ya tatu sauti ilikuwa imekwisha, nikaongea mimi, nami niliongea maneno ambayo hayafai kwenye hitima.

Alifariki dunia saa tisa na dakika arobaini alasiri. Shemeji aliachiliwa saa kumi. Alifika akakuta uso umeshafunikwa.

Jana nilimuuliza Bwana Elijah, aliyekileta kijitabu kwa niaba ya ofisi, kwa nini mke hayumo. Ni muungwana, na alikuwa akimpenda ndugu yangu, nalisema hilo mbele yenu. Alinijibu, "Nassir, nilijaribu, wallahi. Majina ya kijitabu yanatoka kwa system ya wafanyakazi. Ukiweka mke, inaitisha ID number yake. Usipoweka inakataa, inaandika hajaoa. Hata mimi niliskia vibaya." Basi kwa Serikali yetu Alamin alikuwa kapera mwenye watoto wawili.

Kwa hiyo namalizia kwa walioachwa. Marehemu ameacha mama yake, Bi Mwanapili. Ameacha mwanawe wa kike Ikram, mwenye miaka kumi na tisa, na mwanawe wa kiume Swabir, mwenye miaka kumi na minne. Ameniacha mimi. Na ameacha mjane, Muhsina Haji, mkewe wa halali. Fungueni ukurasa wa mwisho. Jana baada ya Alasiri, Ikram na jirani zake walikaa na kalamu wakaliandika jina la mama yake kwa mkono katika kila nakala, zote mia mbili na hamsini. Kama yako mwandiko umepinda, wamevumilia mengi, nawe vumilia.

Bwana Elijah, nakala yako ni hii hapa. Ina nembo ya ofisi yenu na ina jina lake, kwa hiyo ni karatasi ya kwanza ya Serikali inayosema kwamba yeye ni mke wa mtu. Naomba uiweke katika faili lake, ili ile karatasi moja ipate mwenziwe. Anayetaka kuhakiki, mwenyewe yuko mlango ule, abishe hodi.

Mwenyezi Mungu amsamehe ndugu yangu makosa yake, amkubalie jibu lile moja, na amtie nguvu mjane wake. Apumzike kwa amani. Bwana Elijah, simama uipokee, ndipo tusome dua.