Gundi Kwenye Suruali ya Bo-ram

Nina duka la udobi nyuma ya stesheni ya treni ya Daejeon, hapa Korea, na mbele yake pana benchi la mbao na mashine ya kahawa ya kubonyeza. Benchi si langu, mashine si yangu, ila umeme wa mashine unatoka ukutani kwangu, kwa hiyo wanaokaa pale hunisalimia vizuri. Kuna Bwana Gu, tunamwita Reli, aliyeendesha treni miaka thelathini na moja na mpaka leo hainuki kitini kabla ya kutazama saa. Kuna Bwana Pyo, tunamwita Katiba. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama, hajawahi kuhukumu hata kuku, lakini hakuna jambo duniani asilolijua kisheria. Kuna Bibi Hong muuza tofu ya soya, yeye ni Redio, na sina haja ya kueleza kwa nini. Mimi ni Pasi, kwa sababu ya kazi yangu, na wao husema ni kwa sababu ya ulimi wangu.

Yaliyotokea mwaka huu yalikuwa kosa langu, kwa hiyo ni haki niyasimulie mwenyewe.

Reli ana mtoto mmoja tu, binti, anaitwa Bo-ram, ana miaka ishirini na sita. Ni karani wa serikali katika ofisi ya kata. Kwa ajili ya kazi hiyo alifanya mtihani mara tatu, akilala kwenye chumba cha kupanga ambacho ukinyoosha miguu unafungua mlango. Siku alipofaulu, baba yake aligawa keki za mchele mtaa mzima, hata kwa yule kinyozi ambaye walikuwa hawasemezani. Mimi nilikula tatu, Redio sita. Tangu hapo ile kazi ya Bo-ram tukaiona kama ya kwetu sote.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa nne Bo-ram aliniletea suruali yenye gundi iliyokauka magotini. Mimi madoa nayajua kama daktari anavyojua vikohozi. Nikamuuliza karani anapigaje magoti kwenye gundi. Akatazama mlangoni, akanieleza kwa sauti ndogo kwamba kwa miezi mitano sasa, kila Jumamosi, anajifunza kubandika karatasi za ukutani kwa mama mmoja fundi anayeitwa Tak, na kwamba anataka kuacha ofisi aifanye kazi hiyo moja kwa moja. Baba yake alidhani Jumamosi anapanda milima na wenzake. Akaniomba nisiseme, atamwambia mwenyewe akipata maneno. Nikaapa.

Nilitunza siri ile mpaka Alhamisi. Siku hiyo Reli alipitia koti lake, nami nikampa na suruali ya binti yake, nikamwambia amweleze Bo-ram kwamba gundi ya karatasi za ukutani haipendi maji ya moto.

— Gundi ya nini? akauliza Reli.

Nikajaribu kurudi nyuma, nikasema labda ni uji. Lakini mtu aliyekaa miaka thelathini na moja akitazama mbele tu, kitu kikikatiza anakiona. Alipata habari yote kabla sijamfungia koti.

Nikampigia simu Bo-ram, nikaungama. Akasema, "Basi shangazi, kama ameshajua, ngoja nimsikilize atasema nini." Taabu ni kwamba Reli naye alikuwa amekaa kwenye benchi letu akisema hawezi kuzungumza na binti yake mpaka awe na la kusema, na sisi wenzake tumsaidie kulitafuta. Kwa hiyo nyumbani kwao yeye anajua, binti anajua kwamba anajua, na kila jioni wanasogezeana bakuli la kabichi ya kimchi kama wageni waliokutana mgahawani. Mkewe Reli alikuwa kwa dada yake Mokpo, hakuwapo mtu wa kuwagonganisha vichwa.

Benchi likaanza kikao. Kilichukua siku tisa.

Katiba ndiye aliyefungua. Alitukumbusha kwamba serikali ilibadilisha namna ya kuhesabu umri, isiwe tena mtoto anazaliwa akiwa tayari na mwaka mmoja, na kila mtu akarudishiwa mwaka mmoja, wengine karibu miwili. Kwa hesabu ya zamani Bo-ram ni wa ishirini na saba, kwa hesabu mpya ni wa ishirini na sita. Basi huo mwaka uliorudishwa ni mali yake, hauko kwenye daftari lolote. Aende akabandike karatasi mwaka mzima, na akirudi ofisini kisheria atakuwa hajatoka.

— Na bosi wake atasemaje? nikauliza.

— Bosi wake naye karudishiwa mwaka. Atumie huo kumngoja.

Reli aliifikiria hoja hiyo kuliko ilivyostahili. Redio akaipinga. Yeye alisema hakuna kazi inayobadilishwa hapa. Ofisini binti anapiga mhuri kwenye karatasi, kule anapiga karatasi kwenye ukuta, huo ni uhamisho tu kutoka mezani kwenda ukutani, na mtu akihamishwa huwa haulizwi. Kesho yake akaja na nyingine. Alikuwa amesikia kwamba wabandikaji wa dari hutazama juu mchana kutwa hadi shingo zao zinarefuka, upande wa kushoto zaidi, na kwamba Bo-ram itabidi aolewe na mwanamume mrefu anayesimama upande huo.

— Shingo ina upande wa kushoto? Katiba akamuuliza.

— Wewe umelinda mlango maisha yako yote, shingo utazijulia wapi?

Siku ya tano Reli mwenyewe alitoa yake, na ndiyo iliyonipa huruma ingawa nilicheka. Alisema vijana wote wakikimbia ofisi za kata, mihuri itabaki bila wenyewe. Mtoto akizaliwa hataandikwa, na asiyeandikwa hataitwa jeshini. Mzee akifa hatafutwa kwenye orodha, ataendelea kutumiwa barua za kupimwa tumbo bure. Yeye Reli atakufa siku moja, na karani wa kumwandikia atakuwa yuko juu ya ngazi mahali fulani na brashi mkononi. Akasema hivyo, akatazama saa, akaenda nyumbani bila kumaliza kahawa.

Mimi nami sikubaki nyuma. Nilisema gundi ile inatengenezwa kwa wanga, wanga ni chakula, na mtu anayeshinda ameloa chakula hawezi kufa njaa, hata mambo yakimwendea vibaya. Nilikuwa natania, lakini kufikia siku ya saba Katiba alikuwa anamweleza mtu wa posta kwamba jambo hilo limefanyiwa utafiti.

Ilikuwa Jumamosi, asubuhi ya siku ya tisa, mashine ya kahawa ilipoanza kutema maji matupu. Nikapiga simu, akaja dada mmoja mwenye ovaroli ambaye hatukuwahi kumwona, mgeni kwenye njia hii. Akafungua tumbo la mashine, akaanza kuchokoa, huku sisi tukiendelea. Katiba alikuwa kwenye hoja kwamba ukuta ukishabandikwa unakuwa nyaraka. Dada yule alitusikiliza kitambo kirefu. Kisha akatoa kichwa ndani ya mashine.

— Samahani, wazee wangu. Huyo binti, anabandika vizuri?

Redio, ambaye anajua aliyenunua viatu vipya mtaa wa pili, alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Reli. Siku tisa tulikuwa tumemrudishia Bo-ram mwaka, tumemrefusha shingo, tumemwoza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona kipande cha karatasi alichobandika.

Reli akainuka. Hakutazama saa.

— Leo yuko wapi? akaniuliza.

Sikujua. Redio alijua. Alisema yuko kwenye ghorofa la njano karibu na daraja, orofa ya tano, nyumba ya maharusi, na alipoulizwa amejuaje akasema tofu hufika kila mahali. Nikafunga duka. Tukaenda wote wanne, ingawa aliyekuwa na shughuli huko ni mmoja.

Mlango ulikuwa wazi. Sebule nzima ilikuwa imetandikwa karatasi za kukanyagia, na Bo-ram alikuwa juu ya meza ndefu ya kusimamia, kofia kichwani, mikono imeinuliwa. Alikuwa anabandika dari na Fundi Tak, kila mmoja ameshika mwisho wa karatasi ndefu iliyoloa gundi. Alituona. Asingeweza kuteremka wala kuinama kumsalimia baba yake, maana angeachia kidogo tu ingetuangukia sote.

— Shikamoo baba, akasema huku akitazama dari.

— Endelea, akasema Reli.

Akaendelea. Aliipeleka brashi kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, akisukuma hewa nje, na pale alipopita karatasi ilitulia kama iliyozaliwa na dari. Mimi nimepiga pasi miaka ishirini na minane, najua kitambaa kinapomkubali mtu. Nilimvuta Reli mkono nikamwonyesha mahali karatasi mbili zilipokutana. Aliinua miwani, akatafuta mstari, akasogea, akautafuta tena.

Wakati huo huo Katiba, akitaka kuona vizuri, aliegemea ukuta uliobandikwa saa hiyo. Alipojitoa, ukuta ulitoka naye. Redio akakimbilia kumbandua, na kiwiko chake nacho kikanasa, wakawa wanazunguka wawili wale wamevaa karatasi ya maua ya waridi ya maharusi wa watu. Fundi Tak ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kondakta. Aliachia upande wake na kuruka chini kwenda kuwatenganisha, na ile karatasi ya dari ikaanza kuning'inia.

Reli ni mrefu. Alivua viatu, akapanda juu ya meza kando ya binti yake, akaipokea kwa viganja viwili. Gundi ikamtiririkia mikononi mpaka kwenye kola ya koti ambalo nilikuwa nimelifua mwenyewe.

Walisimama hivyo muda mrefu, baba na binti, mikono juu, hawawezi kwenda popote.

— Unaumwa kule ofisini? Reli akauliza.

— Siumwi, baba. Ila saa sita inafika kila siku naona kama ni saa sita ya jana.

— Na huku?

Bo-ram alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli.

— Huku saa sita inafika nikiwa bado sijamaliza pembe. Pembe zinanishinda, baba. Fundi anasema zitanichukua mwaka.

Kutoka kule ukutani Fundi Tak akasema miwili.

Tone la gundi likamwangukia Reli kwenye paji la uso, likateremka puani, akaliacha lipite. Nilimngoja aseme lile tulilomtengenezea siku tisa, la mihuri au la mwaka wa serikali, lolote. Hakusema hata moja.

— Jumatatu unaingia kazini?

— Naingia kuaga, akasema Bo-ram.

Baba yake akatazama ile dari, upande uliokwisha na upande uliobaki.

— Basi pitisha brashi huku kwangu, mwanangu. Panaingia hewa.