Tata René Nkulu, Aliyeandika Komunike za Vifo

"Mu Kolwezi hakuna mutu anakufaka mbele mi niandike!" Hayo Tata René Nkulu aliyasema redioni mchana kweupe, na hakuna aliyempinga. Tangu mwaka 2003 ndiye aliyeandika komunike zote, yaani matangazo ya vifo, katika redio ya mtaa.

Alizaliwa Kasaji tarehe 14 Machi 1956, baba yake akiwa fundi wa reli. Shule ya msingi aliisoma hapo hapo, sekondari Sandoa, na diploma akaimaliza, jambo ambalo katika ukoo huu bado si mazoea.

Mwaka 1981 aliajiriwa Kolwezi kama karani wa mgodi, akiandika nani ameingia zamu na nani ametoka. Kazi ikafa, kalamu ikabaki. Alipenda kufundisha kwamba kila karatasi ina kazi yake. Cheti cha kuzaliwa ni cha serikali, ijue imepata mtu. Kibali cha kuzika ni cha walinzi wa makaburi. Ripoti ya kikao cha ukoo ni ya kesho, watu wasije wakakana. Komunike ni ya kumfikia shemeji aliye mbali kabla jeneza halijafungwa.

Shangazi yao alipofariki, kaka mkubwa wa Tata René, Tata Badibanga, alikuja redioni amefura kwa jinsi majina yalivyopangwa katika komunike. "Mi mukubwa wa nyumba, unaniweka kisha ya bashemeji?"

"Yaya, mukubwa wangu, vumilia," Tata René akamjibu. "Siku yako tutakutia namba moja."

Alifunga ndoa na Mama Agnès Kabedi mwaka 1984. Mungu akawapa Naomie, Papy na Ariel.

Septemba 2021 shimo alimokuwa akichimba Papy liliporomoka. Mwili haukuonekana. Wenzake wengine walisema alikuwa ameshaondoka kwenda Kisenge. Bila mwili hakuna kibali, na bila kibali Tata René hakuandika.

"Tata ya Naomie, andika, tumulilie mutoto," Mama Agnès alimsihi mumewe.

"Nikiandika, nitakuwa nimemuua miye."

Matanga hayakukaliwa. Alipiga simu Kisenge mpaka watu wa kule wakaijua namba yake, wakaacha kupokea.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alifariki hospitalini tarehe 2 Februari 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Agnès.

Jana ukoo ulikaa kuandika wasifu huu, ukakwama kwenye jina moja: Papy awekwe na walioachwa, au na waliotangulia?

"Tumuache na bale bazima," alisema Tata Badibanga. "Ndiyo tata yake alitaka."

Mama Agnès akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Tata yake alimutafuta huku, akamukosa. Sasa ameenda kumutafuta kule. Mumuandike kule, asizunguke tena."

Wote wakatia sahihi, Tata Badibanga wa kwanza.

Tata René ameacha mjane, Mama Agnès, binti yake Naomie, mwanawe Ariel, wajukuu wanne, na kaka yake, Tata Badibanga. Walimtangulia wazazi wake na mwanawe Papy.

Udongo uwapokee kwa upole, baba na mwana, na Mungu awape amani yake.

Komunike ya majina mawili, la baba na la mwana, iliyosomwa redioni asubuhi ya leo, imelipiwa faranga elfu thelathini.