Wati za Kompyuta ya Binti wa Wembe

Kijiwe cha mbele ya duka la vipuri vya kompyuta hakijawahi kukosa jibu, wala hakijawahi kupatia. Ni benchi moja, birika moja la kahawa, na wanaume watatu waliobobea katika kila fani bila kusomea hata moja. Asubuhi hiyo alitoka dukani Wembe, kinyozi wa jirani, uso umemshuka. Binti yake alikuwa akiunda kompyuta ya kuchezea gemu kwa mikono yake mwenyewe, na Jumamosi alikuwa na mashindano. Kilibaki kifaa kimoja tu: pawasaplai, lile boksi linaloigawia mashine umeme. Wembe alijitolea kwenda kuinunua. Muuzaji akamuuliza anataka ya wati ngapi, naye, badala ya kukiri hajui, akasema anarudi sasa hivi.

Wa kwanza kumpokea alikuwa Ampea, fundi umeme aliyefunga taa za nusu mtaa, na ya chooni kwake haijawahi kuwaka.

— Mia tatu tu, mzee. Pasi ya mke wangu ndiyo inakula elfu, na ile inanyoosha nguo. Kompyuta inanyoosha nini?

— Nasikia ikizidiwa inazima katikati ya gemu, alisema Wembe.

— Si itawaka tena? Subira huvuta heri.

Profesa, ambaye cheo hicho alijipa mwenyewe, alicheka kwa pua. Yeye alitaka elfu mbili.

— Umeme ukijaa unasukuma, bwana. Mtoto atamaliza gemu wenzake hawajaanza. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Breki, dereva mstaafu, aliwaona wote wawili hamnazo. Elfu mbili, alisema, zitanyonya umeme wa mtaa mzima, na mashine ya kunyolea ya Wembe itagoma ikiwa bado kichwani mwa mteja. Dawa ni kununua mbili ndogo na kuzifunga pamoja kwa selotepu.

— Moja inafanya kazi, nyingine inalala, kama madereva wa basi la safari ndefu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wembe alijua huu ni upuuzi mtupu. Kilichomuuma ni kwamba alishaanza kukubaliana na Breki.

Wakati huo binti yake akatokea, bisibisi mfukoni, amemfuata baba aliyechelewa. Akawaamkia wote kwa adabu, akasikiliza habari ya selotepu mpaka mwisho. Kisha akawaeleza taratibu kwamba kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, na vifaa vingine vyote pamoja havifiki wati mia nne na hamsini, kwa hiyo ya mia sita na hamsini inatosha na nafasi inabaki. Hata ukinunua kubwa, mashine huvuta kile inachohitaji tu, haisukumwi na mtu. Ampea akadai hicho ndicho alichotaka kusema.

Binti alimgeukia baba yake, wala hakuwa na hasira, na hapo ndipo Wembe alipotamani angekuwa nayo.

— Baba, mimi nilikuwa nyumbani tangu asubuhi. Mbona hukuniuliza mimi?

Profesa akaangalia ndani ya kikombe. Breki akakohoa. Wembe jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa la aibu: kumuuliza mtoto wa kike, tena wa kumzaa mwenyewe, mambo ya mashine, alikuona ni kujishusha. Binti alisubiri mpaka akachoka, akaingia dukani peke yake.