Mpira wa Pili

Wamama na wababa wa kikundi chetu, zamu ya kusema imenifikia, na leo nasema lile nililolificha msimu mzima.

Mnajua nalima kabichi kule mtoni, chini ya Mudzipela, na nina motopompe ya kumwagilia. Bido la esansi, lile dumu la petroli, ni zito. Ukilimimina, nusu inanywewa na udongo. Basi nilikuwa natumbukiza ncha ya mpira ndani ya bido, navuta kwa kinywa, natema, kisha esansi inateremka kwenye mashine. Midomo ilinibabuka. Hata mume wangu alikuwa anasogeza kiti mbali kwa harufu.

Jirani yangu wa shamba ana mashine kama yangu. Lakini yeye hakutema wala hakunuka. Mashine yake iliwaka mapema, na wenye bustani walimwita yeye awamwagilie. Wapendwa, wivu ulinichoma koo kuliko esansi. Nilikuwa natazama kabichi zake kabla ya zangu. Akicheka na mteja, nilisikia ananicheka mimi.

Nikaanza kusema sokoni: “Esansi yake inapanda yenyewe. Ule mama iko na dawa.” Wateja wake wakapungua. Siwafichi, nilifurahi.

Bado nilitaka kujua. Nikajificha kwenye matete, nikamwona ameweka mpira kinywani. Nikasema, kumbe naye anavuta, ila ananizidi pumzi. Nikarudi kwangu, nikavuta kwa nguvu zote. Esansi ikaingia kifuani. Nikaanguka kando ya mashine, nakohoa, pumzi haipatikani.

Wenzetu walikuja mbio na maziwa. Jirani yule akawazuia: “Musimupe kitu. Musimutapishe, itaingia tena mu mapafu.” Akanipandisha kwenye moto, pikipiki ya abiria, akanishikilia katikati yake na dereva mpaka hospitali.

Nilipoweza kusema, alikuja kunitazama.

“Mama, ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuona. Nikafanya kama weye.”

“Uliona mupira gani?”

“Kwani iko ngapi?”

Akacheka mpaka muuguzi akageuka. “Iko mbili, mama. Weye unavuta, miye napuliza.”

Nieleze polepole, maana wengi wetu bado tunavuta. Mpira mrefu unafika ndani ya esansi. Ncha yake nyingine inaingia kwenye mashine iliyozimwa na kupoa, ikiwa chini kuliko bido. Mpira mfupi unaishia juu ndani ya bido, penye hewa tu. Ziba mdomo wa bido kwa kitambaa chenye maji, kikizunguka mipira yote miwili, kisha puliza ule mfupi. Hewa inasukuma esansi ipite ule mrefu. Kinywa hakiigusi.

Asanteni mliomwagilia kabichi zangu nilipolazwa. Nawashukuru wauguzi pia. Yeye ameketi hapa, ameniomba nisimtaje. Mnamjua, kwa sababu ni mimi niliyewafanya mmwogope.

Ndugu zangu, mwenzako akikuzidi, muulize anafanyaje. Kuuliza kungenipa aibu kidogo tu. Mimi nilichagua kumchafua mtu, halafu akanibeba.

Hakuna dawa. Mwenye bustani aliyeacha kumwita kwa sababu ya maneno yangu, amwite kesho asubuhi. Akikosa pa kuanzia, aseme nimemtuma mimi.