Ng'ambo Pale Penye Vioo

Siku ambayo Shangazi alikuwa anafunga mgahawa wake, benchi la pale kona lilijaa kabla hata kahawa haijachemka, na kila aliyeketi alikuja na hasira yake kutoka nyumbani. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu anayeitwa Gundi, kwa kuwa akishakaa mahali habanduki. Mwisho wa ubao kuna kichochoro chembamba, na ukiingia hatua sita tu unakutana na mlango wa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini miaka kumi na mmoja ya kuwajazia watu wazima sahani na kuwakaripia wasibakishe mboga ilimpa cheo hicho. Meza nne, viti visivyofanana, wali, maharage, mchuzi, na supu siku za baridi. Leo mchana anapakua sahani za mwisho. Kesho chumba ni cha mtu wa kuuza vifuniko vya simu, na Shangazi anakwenda kupika kwenye bweni la wanafunzi mwisho wa mji, chini ya bosi atakayemwambia chumvi imezidi.

Gundi alikuwa na kiatu cha mteja mapajani, na kisigino cha kiatu kile kilikwisha pigwa misumari mitatu zaidi ya kilivyohitaji. Alikuwa amelala vibaya. Tangu mkewe afariki, chakula cha mchana cha Shangazi ndicho kilichokuwa kinamfanya aite siku siku, na sasa wanataka kumnyang'anya. Nani hasa wanaotaka, hilo ndilo benchi lilikuwa linatafuta.

— Hii ni hila tupu, — alisema Spana, fundi wa magari wa gereji ya jirani, mikono imejaa oili mpaka kwenye viwiko. — Wale Penye Vioo wamewahonga madereva wa teksi. Abiria akipanda tu, anaulizwa umekula? Akisema bado, kwishnei, anamwagwa mlangoni kwao.

Penye Vioo ndilo jina ambalo benchi liliupa mgahawa mkubwa wa ng'ambo ya barabara. Jina lake la kweli liliandikwa juu kwa taa, lakini hakuna aliyekubali kulitamka.

— Teksi ni jambo dogo, — alisema Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi ambaye bado anafunga tai kuja kunywa kahawa. — Wewe umewahi kuiangalia hii barabara vizuri?

— Naiangalia kila siku. Ndiyo inayonivunjia magari.

— Imeinama. Ilipotiwa lami mara ya pili, iliinamishwa kuelekea kule. Mtu akitembea bila kufikiri, miguu inampeleka ng'ambo yenyewe.

— Mzee, acha hizo.

— Nimepima! Nimeweka limau hapa, kwa mkono wangu. Limau limebiringika mpaka mlangoni kwao.

— Likaingia?

— Likaingia.

— Likaagiza nini?

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi na hakikumfikia Gundi. Alishindilia msumari wa nne.

— Mnacheka nini? — alifoka. — Mwanamke anapoteza kazi yake, nyie mnachekea limau! Mjini hapa kila kitu kinachoendeshwa na mtu unayemjua kinafungwa. Duka la yule mama wa vitambaa, limekwenda. Yule mzee aliyekuwa anasaga kahawa yake mwenyewe, amekwenda. Tutabaki kula picha!

— Picha, umelisema mwenyewe, — alidakia Karani. — Siku hizi watu wanachagua chakula kwa picha. Na vile vioo, mnadhani ni vya bure? Mtu anapenda kujitazama akitafuna. Anajiona mrembo, anaagiza tena.

— Na feni je? — Spana alikuwa amesimama sasa. — Nyie hamjui habari ya feni. Jikoni kwao kuna feni kubwa imegeuzwa kwetu huku. Saa nne asubuhi wanakaanga vitunguu. Nani anakula vitunguu saa nne? Hakuna! Kazi yake ni kupuliza harufu ije izibe harufu ya Shangazi pale kichochoroni. Mtu anapita hapa, pua imeshaibwa, hajui kama ndani kuna maharage.

— Sasa hapo umesema, — alisema Gundi. Hasira yake ilikuwa imepata mahali pa kukaa.

Birika, muuza kahawa, ambaye huongea mara chache kama mtu anayelipia maneno, alimimina kikombe akakiweka ubaoni.

— Na sisi je? — aliuliza.

— Sisi nini?

— Sisi tumemsaidia nini?

— Ebo! — Gundi aliweka nyundo chini. — Sisi si tunakula kwake? Kuna siku hata moja mimi nimekula kwingine? Mvua, jua, homa, mimi niko kwenye kile kiti cha dirishani. Mimi ndiye mteja wake!

— Mko watatu, — alisema Birika. — Wanne, mkinihesabu na mimi.

Kabla Gundi hajapata la kumjibu, Shangazi mwenyewe alitokea kwenye mdomo wa kichochoro na beseni la maji ya kuoshea mchele, akayamwaga kwenye mfereji, kisha akajishika kiuno.

— Nyie, kelele zenu zinafika mpaka jikoni. Nina wateja wawili leo, mnataka kuwakimbiza?

— Shangazi, ahirisha, — alisema Gundi. — Mwezi mmoja tu. Tutafanya kitu.

— Nimeahirisha mara mbili, Fundi. Unajua nilikuwa napika kilo ngapi za mchele nilipoanza? Sita. Sasa napika moja na nusu, na unabaki. Kufunga siyo kunakoniuma. Kinachoniuma ni kusimama jioni na sufuria lenye chakula kizuri ambacho hakuna mtu amekitaka.

Shangazi alitazama barabara, watu wakipita na njaa zao za saa sita na nusu.

— Ile kliniki iliyojengwa pale nyuma, — aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka, — mafundi walikuwa wamejaa tele. Nikasema sasa Mungu ameniona. Nikaongeza meza ya nne. Hakuja hata mmoja. Hata mmoja, Fundi! Mpaka nikaanza kujinusa nguo, nikajiuliza, au nina harufu? Au kuna mtu ananisema vibaya? Hapo mtu unakosa hata wa kumgombeza.

Akageuka akarudi ndani. Gundi aliichukua nyundo tena, na kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake, aliukunja.

— Mnaona! — alisema. — Kuna mtu anamsema vibaya! Shangazi mwenyewe ameshuku. Nikimjua huyo mtu, wallahi, nitamtia kiatu hiki mdomoni na kisigino chake.

— Ni Penye Vioo, — alisema Spana. — Wana watu wao mitaani wamevaa kiraia.

— Wanalipwa mshahara kabisa, — alisema Karani. — Na likizo wanayo.

— Washenzi!

— Wauaji!

Wakiwa bado kwenye neno «wauaji», mtu mmoja alisimama mbele ya benchi. Alikuwa na mkoba mgongoni na vumbi la safari kwenye suruali, uso wa mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

— Samahani wazee wangu. Hapa karibu naweza kupata chakula cha nyumbani? Kizuri tu, kisicho na mbwembwe.

Gundi hakuinua kichwa. Alinyoosha nyundo kuelekea upande wa pili wa barabara.

— Ng'ambo pale penye vioo.

Spana alikuwa amekwisha unyoosha mguu wake na kuliegemeza bega ukutani, hivyo kwamba mdomo wa kichochoro ukazibika kabisa.

— Asanteni sana, — alisema yule mtu, akavuka.

— Sasa kama nilivyokuwa nasema, — aliendelea Gundi, — hao watu wamevaa kiraia, sisi tuwakamate vipi?

Wala hakuwa anafanya kiini macho. Miaka mingi iliyopita, mchana mmoja, benchi zima liliingia kwa Shangazi likakuta viti vyote vimekaliwa na watu wa benki, na vitambulisho vyao shingoni, wakisifia maharage kwa sauti. Spana alikula amesimama. Gundi alikalia ndoo. Walitoka pale wamenuna, na tangu siku hiyo, bila mtu kutoa amri, kila mgeni aliyeuliza chakula alielekezwa ng'ambo. Hata Shangazi alipotaka kuandikisha kibao aweke barabarani, wao ndio waliomwambia kibao cha nini, harufu yenyewe inatosha. Walikuwa wanalinda mahali pao. Baada ya muda hawakukumbuka tena kwamba wanalinda. Mdomo ulisema wenyewe, kama vile mtu anavyojibu salama akiamkiwa, hata kama mguu umevunjika.

— Tuwawekee mtego, — alisema Spana. — Tunamtuma mtu ajifanye mgeni, aulize chakula, tuone nani anamdaka.

— Wazo zuri hilo, — alisema Karani. — Lakini awe mtu asiyejulikana mtaani.

— Shikamooni wazee.

Wote wakageuka. Alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli yenye madoa ya rangi saba, kitambaa kichwani, na mkononi sahani ya Shangazi imebaki mchuzi kidogo pembeni. Alikuwa fundi rangi. Tangu asubuhi alikuwa kichochoroni anabandua rangi ya zamani ya mlango, kwa kazi ya yule mtu wa vifuniko vya simu, na benchi lilikuwa limemchukia bila kumsalimia.

— Marahaba, — alijibu Karani peke yake.

— Nimepewa sahani na huyu mama humu ndani, — alisema fundi rangi. — Nimekula nimesimama pale kwenye kona ya ukuta. Wazee wangu, maharage haya! Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa anajua kupika, lakini haya, nimekula mpaka nimeona aibu.

— Umeona sasa, — alisema Gundi kwa uchungu. — Na ndiyo yanafungwa leo. Kwa sababu ya watu wabaya.

— Ndiyo, nimewasikia. Basi nina swali, maana mimi sielewi.

— Uliza, binti yangu.

Fundi rangi alihamisha sahani kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

— Kliniki ile ya nyuma, mimi nimeipaka. Miezi minane, mafundi ishirini na watatu. Siku ya kwanza wenzangu walinituma nikaulize chakula kinapatikana wapi, na mimi nilikuja hapa hapa. Nilisimama mbele ya benchi hili. Nikaambiwa ng'ambo pale penye vioo. Basi tumekula kule miezi minane, wali mkavu, mchuzi wa maji, tukasema mtaa huu masikini hauna mpishi. — Alielekeza sahani ng'ambo. — Na sasa hivi tena nimemwona yule bwana mwenye mkoba. Amewauliza chakula cha nyumbani, na mama huyu yuko hatua sita kutoka hapo mlipokaa. Mbona mnawapeleka watu kule?

Aliuliza bila ubaya wowote. Alikuwa anataka kujua tu, kama mtu anayeuliza njia.

Spana aliurudisha mguu wake taratibu, na kichochoro kikaonekana. Karani alikohoa, akashika fundo la tai, akasema «kwa mujibu wa», kisha mujibu haukuja. Birika alitazama chini kwenye jiko lake la mkaa, kwa sababu miaka yote ile alikuwepo na alisikia.

Gundi alitafuta ile hasira ya asubuhi. Ilikuwepo, tena ilikuwa kubwa kuliko mwanzo, lakini hakuona wa kumrushia. Jibu alikuwa analo. Tuliogopa kukosa pa kukaa. Maneno manne, na yote ya kweli, na hakuweza kuyatoa mdomoni mbele ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya fundi rangi.

Shangazi alikuwa amekuja kuchukua sahani yake. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi, ila uso wake ulionyesha kwamba swali lote amelisikia. Aliipokea sahani, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

— Mwacheni ajibu Fundi, — alisema. — Fundi, nakusikiliza.